Kikombe Kimoja, Robo Kilo

Nchi yetu ya Sawia haina njaa. Nalisema hilo mapema, kwa sababu ninyi wageni mna tabia mbaya: mkimwona mtu mbavu zinahesabika mnaanza maswali. Sisi tulishaelezwa na Wizara kwamba zile si mbavu, ni mkao wa shati.

Jina langu Chande. Kwa miaka mitatu nilikuwa Mfutaji wa Serikali, Daraja la Pili, katika Ghala la Taifa. Msicheke. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilikuwa na sare. Raia akija kuchukua unga wake, mpimaji anachota kikombe, kikombe kinatoka guniani na kilima juu yake. Kilima kile kwetu tunakiita kilele. Hapo mimi napitisha rula yangu ya mninga, fyuu, kilele kinarudi guniani, kikombe kinabaki bapa. Anayefuata!

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Wazee wetu walikuwa washamba, walipima kwa kilele. Ukienda kwa jirani kuazima kikombe cha sukari, anakupa na kilele chake, unatembea polepole kama bibi harusi ili kisimwagike. Siku ya kurudisha nawe unarudisha na kilele. Ukirudisha kikombe bapa, jirani hasemi kitu, anakipokea tu na kukuuliza hali ya watoto, lakini mtaa mzima unajua kabla ya adhuhuri. Walikuwa na msemo wao: kikombe ni chako, kilele ni cha Mungu. Wizara ilipouchunguza msemo huo ikagundua kuwa Mungu hajasajiliwa kama mpokeaji wa unga.

*

Aliyetutoa gizani ni Mheshimiwa Daktari Ubwa Pandikizi, Waziri wa Vipimo, Ulinganifu na Chakula. Udaktari wake alipewa na chuo kimoja cha mbali ambako hata yeye hajafika. Mheshimiwa alikwenda ughaibuni kwenye mkutano wa siku kumi, na asubuhi moja akaingia jikoni mwa hoteli kutafuta soseji za nyongeza. Mle jikoni akakuta mzani mdogo, na juu ya mzani kikombe cha maji. Akachungulia. Mzani ulikuwa unasema gramu mia mbili na hamsini.

Watu wengi wangekunywa yale maji. Mheshimiwa alikifunga kile kikombe katika taulo la hoteli, akakitia sandukuni, akaja nacho nyumbani.

Alipofika aliwaita wataalamu wote wa nchi, watano, akawawekea kikombe mezani.

"Nikimwaga maji nikatia unga," akauliza, "kikombe hiki kinabadilika?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni kilekile."

"Nikitia chumvi?"

"Kilekile, Mheshimiwa."

"Manyoya ya kuku?"

Wakatazamana. "Kilekile, Mheshimiwa."

"Basi! Kikombe kimoja ni robo kilo. Cha unga, cha chumvi, cha majani ya chai, cha chochote kile. Vikombe vinne ni kilo. Kuna swali?"

Mtaalamu mmoja alinyoosha mkono. Siku hizi anahesabu popo katika pango moja huko kaskazini, na tunasikia anaendelea vizuri.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Jedwali la Taifa. Lilikuwa na mstari mmoja tu, lakini lilichapishwa katika kitabu cha kurasa mia nne, kurasa zilizobaki zikawa picha za Mheshimiwa. Siku ya uzinduzi alihutubia saa tatu na dakika arobaini.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kwa karne nyingi taifa hili limepika kwa kubahatisha! Mama anachota, mama anakadiria, mama anaonja! Je, ndege ya angani hurushwa kwa kuonja? Kuanzia leo, mbele ya sheria, kitu na kitu ni sawa! Hatutavumilia tena unga unaojifanya mwepesi wala chumvi inayojifanya nzito! Huo ni ukabila wa jikoni, na tutaung'oa mizizi!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka rula ikaanguka.

*

Utaratibu ulikuwa rahisi, hata mtoto angeuelewa, na ndiyo maana watoto walikatazwa kuukaribia. Kila raia aliyevuna au aliyesaga alipaswa kuupeleka unga wake Ghala la Taifa ukasahihishwe. Ghalani unga ulipokewa kwa mzani na kurudishwa kwa Jedwali. Yaani mtu analeta kilo ya unga, mzani wa serikali unasema kilo, anaandikiwa stakabadhi: kilo. Halafu anapita dirisha la pili, anapimiwa kilo yake: vikombe vinne, vimefutwa. Kaleta kilo, kaondoka na kilo. Nani kaonewa hapo?

Ni kweli kwamba kilo aliyoileta ilikuwa inajaza vikombe vinane. Hata mimi niliona. Lakini vile vikombe vinne vilivyobaki vilikuwa na jina lake rasmi, Ziada ya Kisayansi, na kila Ijumaa lori lilikuja kuvichukua kuvipeleka kwenye utafiti. Utafiti ulifanyikia nyumbani kwa Mheshimiwa, ambako zilijengwa bohari tatu za nyongeza, na Mheshimiwa naye akaanza kupanuka kwa kadiri hiyohiyo. Mshonaji wake alisema kwamba kwa mwaka mmoja suti ya Mheshimiwa ilikula kitambaa cha maharusi wanne.

Raia walikatazwa kumiliki mizani. Mzani wa Ghala uliruhusiwa kubaki, lakini kwa kupokelea tu.

*

Mtaani kwetu alikuwepo mwokaji mikate akiitwa Shomvi, na mkewe Bi Mwanamvua. Mikate ya Shomvi na maandazi ya Bi Mwanamvua ndiyo yaliyotukuza sote tuliozaliwa upande ule wa soko. Shomvi alikuwa mtu mpole, mfupi, kope zake nyeupe kwa unga hata siku ya Idi. Mkewe hakuwa mpole. Bi Mwanamvua alikuwa na jicho: akikutazama unakumbuka madeni yote ya marehemu baba yako.

Siku ya Jedwali ya mwaka wa pili, uwanja umejaa, Mheshimiwa akauliza kama ilivyo desturi: "Kuna swali?" Hakuna aliyetarajia jibu. Shomvi akasimama. Kwapani ana mzani mdogo wa shaba wa babu yake, mikononi vikombe viwili.

"Mheshimiwa, mimi sina swali," akasema. "Nina vikombe viwili tu."

Akaweka cha unga. Mshale ukasogea ukasimama gramu mia na ishirini na tano. Akakitoa, akaweka cha chumvi. Mshale ukaruka mpaka mia tatu.

"Mimi nimeoka miaka arobaini," akasema Shomvi, tena kwa sauti ndogo. "Kikombe cha unga si robo kilo, Mheshimiwa. Ni nusu ya robo. Hiyo nusu nyingine inakwenda wapi?"

Mheshimiwa alifuta jasho, akasema maneno ambayo sasa yako katika vitabu vya shule: "Mzani huu una chuki binafsi."

Wakakamatwa wote wawili, Shomvi na mzani. Kesi ilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Mzani ulipatikana na hatia ya kutoa taarifa za uongo, ukafungiwa katika chumba cha vielelezo. Shomvi alipatikana na kosa la Kutofautisha Vitu Vilivyo Sawa Mbele ya Umma. Hakimu alikuwa mtu wa huruma, hakutaka kumpa kifungo cha maisha. Akaamuru Shomvi akae gerezani mpaka siku kikombe cha unga na kikombe cha chumvi vitakapokuwa na uzito mmoja.

Bi Mwanamvua hakulia mahakamani. Alimtazama hakimu, akamtazama Mheshimiwa, halafu akaenda nyumbani kuzima tanuri.

*

Sasa hapa pananihusu, na nitasema kama ilivyokuwa. Kanuni za magereza zilisema kila mfungwa apewe robo kilo ya unga kwa siku. Robo kilo ya kweli ni vikombe viwili, na viwili ndivyo walivyokuwa wakipewa zamani, mtu anapika uji wa asubuhi na ugali wa jioni, anaishi. Jedwali lilipokuja, robo kilo ikawa kikombe kimoja. Na kikombe hicho kilipita kwenye dirisha langu.

Asubuhi moja Bi Mwanamvua akaja akasimama mbele yangu.

"Chande, mwanangu. Wewe ndiye unayefuta cha gerezani?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Cha Shomvi usikifute."

"Mama, vyote ni sawa, haviandikwi majina."

"Basi usifute hata kimoja."

"Ni kosa, mama."

"Maandazi yangu umeanza kula huna meno, Chande. Nakutafunia mimi, nakutia mdomoni."

"Ndiyo, mama."

Akaondoka. Kesho yake gari la gereza likaja, na mimi nikafuta. Nilifuta vizuri kuliko siku zote, kwa sababu mkaguzi alikuwepo. Hata siku asipokuwepo nilifuta. Nilikuwa mtumishi mwaminifu, wallahi, na Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu wa kifungo Bi Mwanamvua aliruhusiwa kumwona mumewe. Alipotoka alituambia, pale kisimani, kwamba kikoi cha Shomvi sasa kinamzunguka mara mbili na nusu, na amekifunga kwa kamba ya gunia. Alieleza kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. Mwezi wa sita kikoi kilizunguka mara tatu. Daktari wa gereza alimwambia waziwazi: kwa mwendo huu, mama, huyu hamalizi mwaka.

"Wala yeye hatamaliza," akasema Bi Mwanamvua. Hakusema yeye nani.

*

Basi, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mheshimiwa akaugua. Alikuwa amefikia kilo mia na themanini, za mzani, si za Jedwali. Akipanda ngazi, ngazi ndiyo iliyolia. Akaletwa daktari bingwa kutoka ng'ambo, mtu mwembamba asiyejua lolote kuhusu nchi yetu. Akampima, akatikisa kichwa, akaandika cheti: *Mgonjwa ale gramu mia tano za chakula kwa siku, vyakula vyepesi, kwa muda wa siku sitini. Akizidisha, moyo utasimama.* Akapanda ndege akaenda zake.

Mheshimiwa alikuwa mwoga wa kufa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Akakitangaza cheti magazetini kama kampeni ya kitaifa: Waziri Ajinyima kwa Ajili ya Taifa. Ila alikosa mpishi anayejua kazi. Mpishi wa Wizara alikuwa akifuata Jedwali: kila palipoandikwa kikombe cha unga yeye alipima robo kilo kwenye mzani wa ofisi, kwa kibali maalumu, na kwa hiyo maandazi yake yalikuwa na unga mara mbili. Moja lilimvunja Mheshimiwa gego. Uchunguzi ulifanyika, gego likaonekana na hatia, likang'olewa.

Siku hiyohiyo Bi Mwanamvua akaenda kubisha hodi nyumbani kwa Mheshimiwa, kavaa kanga mpya, na akapiga magoti mawili.

"Nimekuja kupika, Mheshimiwa," akasema. "Mume ni wa Mungu na serikali. Mimi tumbo langu lataka kazi."

Mheshimiwa alifurahi mno. Aliwaita waandishi wa habari. "Mnaona?" akasema. "Mke wa mhalifu mwenyewe! Mimi sina kinyongo, na njaa nayo haina kinyongo!" Akaniteua mimi niwe Mfutaji wa Jiko Kuu, kulinda usahihi, na ufunguo wa bohari akampa Bi Mwanamvua mbele ya kamera, kuonyesha kwamba kiongozi wa kweli haogopi kufungiwa chakula.

Mtaani walimtemea mate. Jirani aliyeishi naye miaka thelathini alimrudishia kikombe cha sukari bapa, bila kilele, na hakumsemesha. Bi Mwanamvua alikipokea, akauliza hali ya watoto.

Lakini siku ile ya kuajiriwa, waandishi hawajaondoka, Bi Mwanamvua bado kapiga magoti, akauliza swali moja.

"Mheshimiwa, hizi gramu mia tano za daktari, nizipime kwa mzani au kwa Jedwali?"

Mheshimiwa akacheka kwa sauti ya kutosha magazeti yote. "Kwa Jedwali, mama! Mimi ndiye wa kwanza kutii sheria za nchi hii! Andikeni hilo!"

Wakaandika.

*

Gramu mia tano kwa Jedwali ni vikombe viwili. Siku ya kwanza Bi Mwanamvua akaleta sinia la fedha limefunikwa kawa. Akafunua. Ndani vikombe viwili vya bisi.

Mnazijua bisi, mahindi yaliyopasuka kwa moto, yakawa meupe na manene na ndani hamna kitu. Nikapitisha rula. Bisi tatu zikaanguka mezani, nikazirudisha jikoni.

Mheshimiwa alizitafuna zote kabla hajavuta kiti vizuri. "Kianzio kizuri," akasema. "Haya, leta chakula."

"Ndicho hicho, Mheshimiwa. Nusu kilo kamili. Chande kashuhudia."

"Hizi… ni nusu kilo?"

"Vikombe viwili, Mheshimiwa. Na daktari kasema vyakula vyepesi."

Nikatia sahihi daftarini. Siku ya pili ilikuwa mchicha mbichi uliokatwa nyuzinyuzi, vikombe viwili. Siku ya tatu povu la mayai lililopigwa mpaka likasimama. Ukiligusa kwa kidole linazama, ukiliweka ulimini linatoweka kama ahadi ya uchaguzi. Siku ya nne bisi tena. Bi Mwanamvua alipika kwa ustadi wote aliojaliwa, akatia chumvi kidogo, ndimu kidogo, pilipili manga kwa mbali, ili harufu ifike tumboni kabla ya chakula na ikae pale ikingoja.

Nyumba nzima ilinuka vizuri. Mheshimiwa alianza kutembea usiku na mchana akinusa kuta. Bohari tatu za Ziada ya Kisayansi zilikuwa ng'ambo ya dirisha lake, na ufunguo umefungwa pindoni mwa kanga ya Bi Mwanamvua. Angeweza kuamuru apewe. Lakini cheti kilisema akizidisha gramu mia tano moyo utasimama, na kwa sheria yake mwenyewe gramu mia tano alikuwa amekwisha kula.

Siku ya ishirini akatufungia mlango sote watatu. Mashavu yalikuwa yamemwanguka.

"Mwanamvua," akanong'ona, "niambie ukweli, mama yangu. Hii ni nusu kilo?"

Bi Mwanamvua akaweka sinia chini. "Mheshimiwa, mimi mpishi tu, sikusoma. Kama wewe unaona si nusu kilo, sema. Mimi nitasikia, na Chande atasikia. Tutakuwa mashahidi wawili."

Mheshimiwa akanitazama mimi. Mimi nikaitazama rula. Akafumba mdomo, akaanza kutafuna bisi moja moja, akizihesabu.

Nilipokuwa nakunja kitambaa, Bi Mwanamvua alinishika mkono wa kufutia. "Mkono wako mwepesi, Chande," akasema. "Shomvi kaniambia. Kikombe chake hakijawahi kuzidi hata chembe." Sikulala wiki nzima.

*

Siku ya Jedwali ya mwaka wa tatu ilimkuta Mheshimiwa katika siku yake ya arobaini na moja. Suti ilimning'inia, na mkanda aliushika kwa mkono mmoja chini ya meza. Jukwaani alikuwepo Mtukufu Rais mwenyewe, ambaye hupenda sherehe hiyo kwa sababu ndiyo pekee isiyomhusu.

Mheshimiwa akaanza hotuba. "Ndugu wananchi! Kikombe kimoja…" Akanusa. Harufu ilikuwa imepanda jukwaani. Saa ya chakula imefika, na Bi Mwanamvua yuaja, taratibu, sinia mkononi, mimi nyuma yake na rula. Akaweka sinia mbele ya kipaza sauti. Akafunua.

Nilifuta kikombe cha kwanza. Nilifuta cha pili. Bisi moja ikadondoka, ikabiringika mpaka ukingoni mwa jukwaa, ikaanguka chini kwenye vumbi. Mheshimiwa aliifuata kwa macho. Nadhani ni ile bisi moja iliyommaliza.

"Hii si nusu kilo!" akapiga kelele, na vipaza sauti vikaibeba mpaka sokoni. "Mnaniua! Hii si nusu kilo! Hii haifiki gramu ishirini!"

Watu elfu kumi wakageuka kumtazama Rais.

"Umejuaje, Waziri?" akauliza Rais kwa upole.

"Ni gramu kumi na sita! Kumi na sita, Mtukufu! Kila siku napima! Mzani ninao, uko chini ya kitanda changu tangu…"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Lakini neno likitoka limetoka.

"Tangu lini?" akauliza Bi Mwanamvua. Hakupiga magoti safari hii. "Malizia, Mheshimiwa. Mzani unao tangu lini?"

Mheshimiwa akaushika mkanda kwa mikono miwili. Walitumwa askari nyumbani kwake. Walirudi na mzani mzuri wa ng'ambo, na kando yake daftari lenye mwandiko wa Mheshimiwa, limeanza mwezi uleule lilipoanza Jedwali. Ukurasa wa kwanza kabisa uliandikwa: *Unga, kikombe, 125. Chumvi, kikombe, 300.* Namba zilezile za Shomvi. Alijua tangu siku ya kwanza. Alijua alipompeleka mwenzake gerezani, na alijua kila Ijumaa lori lilipopakia. Hata hizo bisi alikuwa kazipima kila siku na kuandika.

Kelele iliyotoka uwanjani siwezi kuieleza. Mama mmoja karibu yangu alikuwa anajipiga mapaja, anasema, "Alijua! Jamani, mbwa huyu alijua!" Mkuki kwa nguruwe, bwana.

*

Rais wetu ni mtu mwepesi wa kusoma uwanja. Palepale aliita hakimu, yuleyule mwenye huruma. Mheshimiwa Pandikizi akapatikana na kosa la Kutofautisha Vitu Vilivyo Sawa Mbele ya Umma, na lingine la kumiliki mzani. Adhabu ilikuwapo tayari, haikuhitaji kutungwa: gerezani, mpaka siku kikombe cha unga na kikombe cha chumvi vitakapokuwa na uzito mmoja. Ikaamriwa Shomvi aachiwe, kwa kuwa mlalamikaji wake mwenyewe kathibitisha maneno yake.

"Na Jedwali nalifuta!" akasema Rais. "Kuanzia leo watu wapime wapendavyo, na bohari zifunguliwe!" Akamgeukia Bi Mwanamvua. "Nawe mama, wataka nini? Nyumba? Tanuri jipya?"

"Mtukufu, nina maombi mawili," akasema. "La kwanza, Jedwali lisifutwe lote. Libaki kwa mtu mmoja. Huyu kahukumiwa sheria ikiwa hai, basi ale kwa sheria hiyohiyo."

"Na la pili?"

"Nataka kazi ya jikoni gerezani."

Rais alicheka, halafu alipomtazama usoni akaacha. Akasema iwe.

Shomvi alitoka gerezani kwa miguu yake, ila alipumzika mara nne kati ya lango na barabara. Kikoi kilimzunguka mara nne kasorobo. Watu walimletea unga, sukari, samli, kila mtu na kikombe chake, na kila kikombe na kilele. Jirani yule aliyerudisha kikombe bapa alikuja kalowa machozi, na kikombe chake kilikuwa na kilele kirefu mpaka kikamwagika mlangoni.

*

Mimi nilihamishiwa gerezani. Bi Mwanamvua aliniomba kwa jina.

Siku ya kwanza tulikwenda watatu, maana Shomvi alitaka kuona. Pandikizi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ndani ya chumba kilekile cha Shomvi. Bi Mwanamvua akatua gunia, akachota kikombe. Unga ukapanda juu, mweupe, kilele cha haki kama alivyokuwa akipimia majirani miaka ile.

Pandikizi akakitazama kile kilele. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa akilamba midomo.

"Mama," akasema. "Tafadhali. Kiache hivyohivyo."

Shomvi akamgusa mkewe begani. Sauti yake ilikuwa bado haijarudi vizuri. "Mwachie, Mwanamvua. Kilele ni cha Mungu. Naye ni binadamu."

"Nilikwenda kukuombea kilele hicho," akasema Bi Mwanamvua bila kugeuka. "Nilisimama dirishani. Nani alikiacha?"

Shomvi akautoa mkono begani. Mimi nilitazama chini. Mkono wa Bi Mwanamvua ukanijia, umefunguliwa, na nikajua anataka rula. Nikampa.

Akaishika kwa mikono miwili, maana hakuizoea. Akaipitisha polepole, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, mpaka kikombe kikawa bapa na unga wote wa juu ukarudi guniani. Akakipeleka karibu na macho yake, akaona chembe zimebaki pembeni mwa mkono wa kikombe, akazifuta kwa kidole nazo.

"Robo kilo," akasema. "Tia sahihi, Chande."

Nikatia.